Ghuba ya Ferguson: Kituo cha starehe kilichokimbiwa na maji

KUNA wakati jina la Ghuba ya Ferguson lilitajwa jijini Nairobi na hata ng'ambo na watu ambao hawangeweza kuonyesha Lodwar ilipo kwenye ramani. Walilijua kwa sababu ya samaki. Katika ulimi wa mchanga wa Longech, ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, palikuwa na hoteli ya wavuvi wa burudani. Mgeni aliamka alfajiri, akapanda mashua, na akibahatika alirejea na sangara ambaye mtu mmoja hangeweza kumbeba peke yake.

Hoteli hiyo sasa imebaki katika simulizi. Haikuteketezwa na moto, wala serikali haikuibomoa. Maji yaliyokuwa mbele yake yaliondoka, na wageni nao wakaondoka.

Kisa chake chafaa kusimuliwa wakati huu kwa sababu mbili. Kwanza, Kaunti ya Turkana imekuwa ikijitahidi tena kuvutia watalii. Pili, ziwa ambalo miaka ya 1980 lilirudi nyuma na kuacha mchanga mtupu, lilipanda kwa kasi kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 na kuwafukuza wakazi wa ufuo huo huo. Mambo haya mawili hayawezi kutenganishwa.

MAHALI PENYEWE

Kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, barabara hufuata tambarare kavu kwa takriban kilomita 60 hadi Kalokol. Mji huo mdogo una jina linalokaribiana na lile ambalo Waturkana huliita ziwa lao, Anam Ka'alakol, linalofasiriwa kuwa bahari ya samaki wengi. Ghuba yenyewe iko mbele kidogo ya mji.

Ni ghuba ndogo yenye kina kifupi. Upande mmoja ni nchi kavu; upande wa pili ni Longech, ukanda mrefu na mwembamba wa mchanga ulioota mikoma hapa na pale, unaoikinga ghuba dhidi ya mawimbi ya ziwa. Kinga hiyo si jambo dogo. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu, hasa usiku na asubuhi, na mashua nyingi zimepinduka katika maji ya wazi. Ndani ya ghuba, maji yalikuwa matulivu. Tilapia walizaliana humo kwa wingi, na mashua zilitia nanga bila hofu.

Kila kitu kilichojengwa hapo, kuanzia kambi ya wenye njaa hadi hoteli ya wenye nafasi, kilitegemea utulivu huo wa maji.

Ziwa lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na ndilo ziwa kubwa zaidi duniani lililo katika eneo la jangwa. Halina mto unaotoka. Maji yanayoingia hayana njia nyingine ya kuondoka ila kupanda angani kwa joto la jua, na kwa sababu hiyo yamejaa magadi. Mwani huyapa rangi ya kijani ambayo imelifanya lisifiwe na wasafiri kwa zaidi ya karne moja.

WILAYA ILIYOFUNGWA

Wazungu wa kwanza kulifikia ziwa hili walikuwa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, mwezi Machi mwaka 1888. Walilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, jina lililodumu hadi Kenya ilipolibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975. Wenyeji, bila shaka, walikuwa na majina yao kabla ya Teleki kuzaliwa.

Chini ya utawala wa kikoloni, Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya za kaskazini zilizofungwa. Mtu wa nje hakuingia pasipo kibali. Serikali iliitazama nchi hiyo kama mpaka wa kulindwa na kama mahali pa kuwatupa watu iliowaogopa. Mzee Jomo Kenyatta alitumikia kifungo chake Lokitaung kuanzia mwaka 1953, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, alikozuiliwa hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal.

Kwa hivyo, katika fikra za Wakenya wengi wa wakati huo, Lodwar lilikuwa jina la adhabu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba katika muda wa miaka michache tu, umbali ule ule uliotumiwa kuwaadhibu wanasiasa uligeuka kuwa bidhaa ya kuuziwa wageni. Walikuja wakilipa pesa nyingi ili wafike mahali ambapo wengine walikuwa wamepelekwa kwa nguvu.

NJAA NA NDOANO

Ili kuelewa yaliyotokea baadaye, ni lazima tuanze na maji. Katika miaka ya 1950, ziwa lilikuwa limeshuka sana. Kisha ukaja ukame mkali wa mwaka 1960 na 1961, uliowaangamizia Waturkana mifugo mingi. Serikali ikafungua kambi za kugawa chakula, na mojawapo ya hatua ilizochukua ni kuwaelekeza waliopoteza mifugo kwenye ziwa, wafundishwe kuvua kwa nyavu.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ikanyesha kupita kiasi kote Afrika Mashariki. Maziwa yalifurika, na Ziwa Rudolf nalo likapanda. Ghuba ya Ferguson ikajaa. Mahali palipochaguliwa kwa ajili ya kuwaokoa watu na njaa pakawa ghafla pahali penye neema, na katika miaka ya 1960 wavuvi wakaunganishwa katika chama cha ushirika chenye makao Kalokol.

Kwa mfugaji wa Kiturkana, uvuvi haukuwa kazi ya heshima. Ulihesabiwa kuwa kimbilio la mtu asiye na ng'ombe, na wengi walioingia majini walikusudia kurejea kwenye ufugaji mara tu watakapopata mbuzi wa kuanzia. Baadhi walirejea. Wengine walibaki, wakazaa na kulea watoto ambao hawakujua maisha mengine ila nyavu na mashua.

Katika kipindi hicho hicho ndipo wavuvi wa aina ya pili walipofika. Hao hawakuwa na njaa. Walikuja na mishipi imara, ndoano kubwa na kamera. Longech, basi, ikawa na wavuvi wa namna mbili: mmoja akitafuta unga, mwingine akitafuta picha ya kutundika ukutani.

MAISHA YA HOTELI

Nyumba ya wageni ya Longech ilianza wakati ziwa lingali likiitwa Rudolf, na baadaye ikajulikana kama Lake Turkana Fishing Lodge. Wageni wengi hawakuja kwa gari. Safari ya barabara kutoka Nairobi, kupitia Kitale na mabonde ya Pokot, ilikuwa ya siku kadhaa na ya mashaka, hasa kabla ya lami. Walikodi ndege ndogo, wakatua katika kiwanja cha udongo, na kufikia saa za chakula cha mchana walikuwa wanatazama maji.

Windo kuu lilikuwa sangara, samaki ambaye wakazi wa Ziwa Victoria humwita mbuta. Katika Ziwa Turkana aliweza kuzidi kilo 100. Mbinu iliyotumika ni kukokota chambo cha bandia nyuma ya mashua iliyokwenda polepole, mara nyingi kandokando ya miamba au pale maji yanapobadilika kina. Sangara akimeza, mvuvi angeweza kuvutana naye kwa muda mrefu, huku nahodha akiigeuza mashua ili mshipi usikatike. Palikuwa pia na samaki mdogo zaidi mwenye meno yaliyochomoza kama ya mbwa, aliyependwa kwa ukali wake.

Si watalii pekee waliomtamani sangara wa Turkana. Miaka ya 1950 na 1960, maofisa walipowapandikiza sangara katika Ziwa Victoria, wengi walitoka Ziwa Albert na wachache walitoka Turkana. Samaki aliyekuwa mchezo wa wageni huku kaskazini alikuja kuwa msingi wa viwanda vya minofu huko Kisumu, Mwanza na Jinja, na pia chanzo cha kuangamia kwa samaki wengi wa asili wa ziwa hilo.

Mgeni aliyechoka kuvua alivushwa hadi Kisiwa cha Kati. Hicho ni kisiwa cha volkeno chenye vijiziwa 3 ndani ya mashimo yake, na mamba huzaliana humo kwa wingi. Utafiti uliofanywa ziwani mwaka 1965 na 1966 ulikadiria kuwa Ziwa Rudolf lilikuwa na mamba wapatao 12,000 au zaidi, idadi iliyolifanya liwe mojawapo ya makao makubwa ya mamba barani. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983.

Njiani kati ya Lodwar na Kalokol, wageni walionyeshwa nguzo za mawe za Namoratunga. Ni nguzo 19 za mawe meusi zilizosimama pamoja. Waturkana husimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe, na jina lenyewe hufasiriwa kuwa watu wa mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili walidai kuwa nguzo hizo zilikuwa kalenda ya kusomea nyota. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa umri wake ni mkubwa zaidi, takriban miaka 5,000, na kuzihusisha na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo.

Sifa za ziwa ziliongezwa na wanasayansi. Kuanzia mwaka 1968, watafiti wakiongozwa na Richard Leakey walichimbua mabaki ya binadamu wa kale Koobi Fora, ng'ambo ya mashariki. Mwaka 1973 kupatwa kwa jua kulikoonekana kaskazini mwa Kenya kuliwavuta wataalamu na watazamaji kutoka mbali. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, ufuo wa magharibi, mabaki ya kijana wa Turkana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kila habari ya namna hiyo iliwafanya watu wengine waulize njia ya kufika.

SAMAKI NA WANORWE

Wakati wageni wakipiga picha, uvuvi wa nyavu ulikuwa ukikua kupita matarajio. Kati ya mwaka 1972 na 1975, kundi la watafiti lililofadhiliwa na Uingereza lilichunguza ziwa zima na samaki wake. Mwaka 1976, samaki waliovuliwa walikaribia tani 17,000, sehemu kubwa wakiwa tilapia wa Ghuba ya Ferguson. Ghuba hiyo ni sehemu ndogo mno ya ziwa, lakini ndiyo iliyobeba mavuno.

Norway, nchi inayojua samaki, ikashawishika kusaidia. Shirika lake la misaada, NORAD, liligharimia mashua, mafunzo, barabara na kiwanda cha kugandisha minofu huko Kalokol, kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo Turkana ilikuwa imetoka katika ukame mwingine mbaya wa mwaka 1979 hadi 1981, ambao wenyeji waliuita Lopiar, na maelfu walikuwa wakiishi kwa chakula cha msaada. Kiwanda kilitarajiwa kuwapa kazi.

Kilifanya kazi kwa siku chache tu. Kugandisha samaki katika joto la jangwa kulihitaji umeme mwingi, na kuwaosha kulihitaji maji safi ambayo Kalokol haikuwa nayo. Gharama ya kumgandisha samaki ilishinda bei ya kumuuza. Mitambo ikazimwa. Wavuvi wakaendelea kama awali: kupasua samaki, kumtia chumvi, na kumwanika juani, kazi ambayo jua la Turkana huifanya bure.

Barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar na Kalokol ilikuwa na faida iliyo wazi zaidi. Ilifanya iwezekane, kwa mara ya kwanza, mtu wa kawaida kufika ziwani kwa gari bila kujiandaa kana kwamba anakwenda vitani. Hoteli ya Longech ingepaswa kunufaika nayo kuliko mtu yeyote. Lakini barabara ilipofika, maji yalikuwa yameanza kuondoka.

MAJI YANAPOONDOKA

Kati ya asilimia 80 na 90 ya maji ya Ziwa Turkana huletwa na Mto Omo kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Turkwel na Kerio, mito ya Kenya, huchangia kiasi kidogo, na mara nyingi hukauka. Kwa upande mwingine, jua hunyonya zaidi ya mita 2 za maji kila mwaka. Mvua zikipungua Ethiopia, ziwa halina akiba ya kulitetea. Ukame wa katikati ya miaka ya 1980, ule ulioleta njaa iliyotangazwa duniani kote, ulipunguza maji ya Omo, na ziwa likashuka mita kadhaa.

Mtu anayeishi kando ya ziwa lenye kingo za mawe huenda asione tofauti kubwa ya mita kadhaa. Katika Ghuba ya Ferguson mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa ardhi yake ni tambarare. Tuchukue mfano: ufuo ukiwa unashuka mita 1 katika kila mita 500, basi ziwa likipungua mita 4 ukingo wa maji husogea kilomita 2. Ndivyo ghuba ilivyokauka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, mahali palipokuwa na mashua palikuwa na mchanga uliopasuka, na mbuzi walikatiza kutoka Kalokol kwenda Longech.

Tilapia walipotea pamoja na maji. Chama cha ushirika kilichokuwa kikipima samaki kwa maelfu ya tani kikabaki na maghala makubwa kuliko mavuno. Nayo hoteli, iliyojengwa ili mgeni afike kwa mashua na kutazama maji pande zote, ikajikuta ikitazama jangwa upande mmoja. Maji ya wazi yalikuwa bado upande wa pili, lakini kinga ya ghuba haikuwapo tena.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo mara nyingi hurukwa. Haya hayakuwa maajabu. Ziwa lilikuwa chini miaka ya 1950. Lilipanda miaka ya 1960, na ni katika kupanda huko ndipo kambi, ushirika na hoteli vilipoanzishwa. Waliopanga miradi waliichukulia hali ya miaka 15 ya neema kuwa ndiyo hali ya kudumu ya ziwa. Wazee wa ufuo huo walikuwa hai, nao walikuwa wameona mchanga kabla ya kuona maji.

MAPIGO MENGINE

Si haki kuyatwika maji lawama zote. Mwezi Oktoba mwaka 1990, Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway kutokana na mzozo uliohusu kukamatwa kwa mwanasiasa Koigi wa Wamwere. Misaada ya Norway ikakoma, na miradi yake Turkana ikabaki bila mwenyewe. Barabara, isiyokarabatiwa, ilianza kubomoka hadi madereva wakaona afadhali kupita kando yake kuliko juu yake.

Usalama ulikuwa kikwazo cha muda mrefu. Hata miaka ya 1960, hoteli ya Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa, ilivamiwa na watu wakauawa. Miaka ya 1990 silaha zilizagaa kutoka vita vya nchi jirani, wizi wa mifugo ukawa wa bunduki, na magari ya barabara ya Kitale yakasafiri kwa misafara ikisindikizwa na polisi. Kisha utalii wa Kenya nzima ukayumba kufuatia ghasia za Likoni mwaka 1997 na shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Mgeni aliyebaki alikwenda Maasai Mara au Pwani.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zililipandisha ziwa tena na kurudisha maji ghubani. Lakini hoteli haikurudi enzi zake. Haikufungwa kwa tangazo. Ilififia, chumba baada ya chumba, hadi kufikia miaka ya 2000 ikawa gofu. Hoteli ya kale ya Eliye Springs, kusini yake, yenye mikoma na chemchemi za maji vuguvugu, nayo ilikaa magofu kwa miaka mingi, ingawa hiyo baadaye ilipata bahati ya kufunguliwa upya kama kambi ya wageni.

WENYEJI WALISTAREHE WAPI?

Historia ya hoteli isije ikatufanya tudhani kwamba starehe ya Turkana ilikufa nayo. Ilikuwa starehe ya wageni. Mwenyeji aliijua kama nahodha, mpishi, mlinzi au muuza vikapu vya ukindu. Ngoma ya edonga, inayochezwa kwa kurukaruka na nyimbo za kusifu mafahali, haikuhitaji hoteli wala maji, nayo ingali inachezwa.

Ushahidi mwingine uko Kakuma, takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika kwanza ni maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kukimbia vita. Mahali hapo hapakupangiwa burudani yoyote. Hata hivyo, viwanja vya soka na mpira wa kikapu vilijitokeza katika vumbi, na kuanzia mwaka 2001 shirika la FilmAid lilionyesha filamu hadharani usiku, umati ukiwa umeketi chini kutazama.

Kutoka viwanja hivyo walitoka wanariadha 5 waliokuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki mwaka 2016, huko Rio de Janeiro. Timu nzima ilikuwa na watu 10. Katika miaka ambayo hoteli ya Longech ilikuwa ikizama mchangani, mahali pengine pa Turkana, pasipo ziwa na pasipo mtalii, watu walikuwa wanajijengea mchezo wao wenyewe.

MATUMAINI MAPYA, ZIWA LILE LILE

Mwaka 2012 uligeuza macho ya nchi kaskazini. Mwezi Machi mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, na mwezi huo huo mradi wa LAPSSET ukazinduliwa Lamu. Mradi huo ulitaja miji 3 ya kitalii: Lamu, Isiolo na Ziwa Turkana. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti ilipata serikali yake, na katikati ya muongo huo ikaanzisha Lodwar tamasha la utamaduni linaloitwa Tobong'u Lore, yaani rudi nyumbani, linalowakutanisha Waturkana na jamaa zao wa Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia.

Tofauti na hoteli ya zamani, tamasha hilo huwaweka wenyeji jukwaani na pia katika viti vya watazamaji. Hiyo ni hatua ya maana.

Ila ziwa halijabadili tabia. Ethiopia ilianza kujaza bwawa la Gibe III katika Mto Omo mwaka 2015, na katika miaka miwili iliyofuata maji ya ziwa yalipungua kiasi cha kuwatia hofu wavuvi. Mwezi Juni mwaka 2018, UNESCO iliziingiza hifadhi za Ziwa Turkana, zilizokuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1997, katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Ethiopia ilikuwa pia imeanza kujenga bwawa jingine, Koysha, chini ya Gibe III.

Kabla wino wa onyo hilo haujakauka, mambo yakageuka. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2019 na mwaka 2020 ziliyafurisha maziwa ya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha na Baringo hadi Turkana. Wakazi wa Longech na fuo jirani waliona nyumba, vyoo na mialo ya samaki vikifunikwa. Familia ambazo wazazi wao walifuata maji yaliyokimbia, sasa ziliyakimbia maji yaliyozifuata.

Kwa mkazi wa Kalokol, hayo si mjadala wa wataalamu. Mwalo ukizama, samaki hana mahali pa kupimiwa. Shule ikizungukwa na maji, mtoto hakai darasani. Na mwekezaji akija na ramani ya hoteli, mkazi huyo ndiye atakayeombwa kuacha ufuo wake kwa ahadi ya kazi.

Ghuba ya Ferguson ilikuwa na samaki, ndege, mamba, historia na sifa duniani. Ilikosa jambo moja tu, mpango uliokubali kwamba ukingo wa ziwa hilo hauna mahali pa kudumu. Majengo ya mawe na kiwanda cha mamilioni ya dola vilishindwa kuhama. Vibanda vya makuti vya wavuvi vilihama, na wenyewe wangali wakivua.

Kwa hivyo, kabla ya msingi wa mji wa kitalii wa Ziwa Turkana kuchimbwa, wapangaji wana swali rahisi la kuwauliza wazee wa ufuo: maji yalikuwa wapi mwaka 1955, mwaka 1980, mwaka 1988 na mwaka 2020? Majibu yatakuwa manne, na yote yatakuwa sahihi.